Mama Ingrid Ajifunza Kula Mbele za Watu

Katika nyumba ninayopanga, mtaa wa Niboye jijini Kigali, jiko liko nyuma ya ua, na mlango wake hufungwa mchana na jioni. Haufungwi kwa sababu ya moshi wala upepo. Hufungwa kwa sababu mwenye nyumba anakula. Jina lake ni Mukashema, lakini sisi wapangaji tunamwita Mama Ingrid, kwa jina la binti yake wa pekee. Anapomaliza kula hutoka akiwa amekwisha kuosha sahani, amefuta midomo na kufunga kitenge upya, na mtu asiyemfahamu angeweza kudhani kwamba mama huyu haishi kwa chakula kama watu wengine.

Ingrid aliwahi kuniambia kwamba alipokuwa mdogo aliamini kabisa kuwa akina mama hawali. Aliona mama yake akipika, akipakua, akiwahimiza wageni waongeze, kisha akiondoa vyombo. Hakumwona akitafuna.

Mama Ingrid alizaliwa Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Rwanda. Kiswahili chake ni cha huko, cha haraka na chenye utani. Adabu yake, hata hivyo, ni ya mama yake, ambaye alikuwa na msimamo mmoja tu kuhusu maisha ya ugenini: njaa ya mtu isionekane, na kushiba kwake pia kusionekane. Kula mbele ya asiye wa nyumba yako ni kama kuvua nguo. Kula mbele ya wakwe ni zaidi ya hapo. Mama Ingrid alihamia Kigali akiwa mwanamke kijana mwenye cherehani, akaolewa na fundi umeme aitwaye Théoneste, akashona sare za shule za nusu ya watoto wa Niboye, akazika mume, akaoza binti. Katika yote hayo mlango wa jiko uliendelea kufungwa, wala hakuna aliyelalamika.

Aliyelalamika wa kwanza alikuwa Winifred, mama mkwe wa Ingrid.

Winifred naye ni Mnyarwanda, lakini alilelewa Mwanza, kando ya ziwa, katika nyumba ambamo mpita njia akiitwa kula huketi na kunawa mikono bila kuuliza zaidi. Ni mstaafu wa forodha, mwenye sauti inayofika kabla yake, na nyumba yake iko Nyarutarama. Mwanawe Achille anaishi na Ingrid katika nyumba ndogo iliyo ndani ya ua wa Winifred. Shami, mjukuu wao, alipobatizwa, karamu ilifanyika hapo. Winifred mwenyewe alimpakulia Mama Ingrid sahani ya pilau, kuku na ndizi, akamwekea mbele kwa mikono miwili. Mama Ingrid alishukuru. Akaketi mbele ya sahani ile, magoti pamoja, mikono mapajani, mpaka pilau ikapoa na mafuta yakaganda pembeni, na ilipofika saa ya kuaga sahani ilikuwa kama ilivyoletwa.

Kwa Mama Ingrid ilikuwa heshima kamili. Kwa Winifred ilikuwa tusi mbele ya wageni wote. Hakusema neno siku ile. Alilisema baadaye, kwa Ingrid, nalo likafika Niboye likiwa zima: “Mtu asiyeweza kula kwangu, mimi nitamwachaje mjukuu wangu ale kwake?”

Tangu hapo Shami aliletwa Niboye baada ya misa tu, kwa muda wa kusalimia, akiwa amekwisha kulishwa. Hakulala hata siku moja. Mama Ingrid alikuwa ameshona shuka ndogo zenye maua ya njano kwa ajili ya kitanda kilichokuwa cha Ingrid. Zilikaa kabatini, zimekunjwa.

Mwaka huu Ingrid alipata kazi ya zamu, na msichana aliyemlea mtoto akaondoka kwenda kuolewa. Ndipo Winifred alipopiga simu. Mama Ingrid alinisimulia mazungumzo hayo akiwa amesimama mlangoni pangu, simu bado mkononi, kana kwamba sauti ile ingeweza kutoka tena.

“Ameniambia, ‘Bamwana, tukutane tuzungumze habari ya mtoto.’” Hilo ndilo neno ambalo kwetu wazazi wa mume na wazazi wa mke huitana kwalo. “‘Chagua wewe mahali,’ ananiambia. ‘Mimi ndiye ninayealika, ila kwangu naona hapakufai.’ Umesikia hapo? Hapakufai!”

“Na wewe umechagua wapi, mama?”

“Pale unapofanya kazi.” Akaangalia sakafu. “Angalau sambusa nitajua zimetoka mikononi mwa nani. Ni Jumamosi ijayo. Nisaidie, mwanangu. Nikikaa tena mbele ya sahani kama sanamu, mtoto huyo nitamwona siku ya harusi yake.”

Mimi hutengeneza vitafunio na keki katika mkahawa mmoja wa Kimihurura, kazi niliyojifunza katika chuo cha ufundi. Chuoni tulifundishwa kwamba mkono usiozoea kitu huanza na kiasi kidogo. Nikapendekeza tufanye hivyo: tuanze na kinywaji, karibu na nyumbani, kisha tusogee taratibu kuelekea mjini.

Tulianzia kwa Kubwimana, mwenye kibanda cha maziwa kwenye barabara ya juu. Alituletea gilasi mbili za kivuguto, yale maziwa mazito ya mgando, pamoja na andazi. Mama Ingrid aliketi akiwa ameupa ukuta uso na dunia nzima mgongo. Gilasi ilikaa. Kubwimana akapita, akarudi.

“Mama, maziwa iko mbaya?”

“Sijui. Nakungoja wewe.”

“Unaningojea nini?”

“Uonje.”

Mimi nilielewa, kwa maana hata kwetu nyumbani wazee wangali wanafanya hivyo: anayekupa kinywaji hukinywa kidogo kwanza mbele ya macho yako, ili ujue hakikutiwa kitu kibaya. Lakini ile ni desturi ya sebuleni. Kubwimana alishika kiuno akacheka mpaka wateja wakageuka.

“Mama yangu! Nikionja kila gilasi ninayouza hapa, jioni mtakuja kunikamua mimi!”

Nilichukua gilasi ya Mama Ingrid nikanywa funda moja, nikamrudishia. Ndipo alipokunywa, kwa haraka, uso ukutani, kitenge kikiwa kimeinuliwa upande kama pazia. Andazi lilirudi nyumbani ndani ya karatasi.

“Ni mwanzo,” nilimwambia.

“Ni aibu,” akajibu. Lakini nilimwona akilamba mtindi uliobaki kwenye mdomo wa juu, akiwa anatembea, barabarani.

Kesho yake, saa za chakula cha mchana, nilimpeleka kwenye mgahawa wa melanji wa Kicukiro. Asiyeijua melanji aelewe kwamba ni meza ndefu yenye masufuria ya kila chakula, na kanuni yake haina msamaha: unapakua mara moja tu. Kwa hiyo watu hujenga. Huanza na mihogo na ndizi pembeni kama ukuta, hushindilia wali katikati, maharage juu, mchicha juu ya maharage, viazi vya kukaanga mahali popote palipobaki, kisha hutembea hadi mezani kwa hatua za mtu aliyebeba mtungi. Nyama tu ndiyo hupakuliwa na mhudumu, maana hapo uaminifu umeshindikana.

Mama Ingrid alichukua kijiko cha wali, kiazi kimoja na mchicha kidogo.

Mhudumu, msichana aitwaye Natacha, aliitazama sahani, akamtazama yeye. “Mama, hii ni sahani au ni salamu?”

“Inanitosha, binti.”

“Ukishakaa hurudi, unajua? Usije ukanililia.” Akamwekea kipande kikubwa cha nyama, labda kwa huruma.

Mahali palipokuwa wazi ni mbele ya fundi ujenzi mmoja mwenye saruji kwenye nyusi. Alikuwa ameinama juu ya mlima wake, anakula kwa imani. Mama Ingrid alikaa, akashika kijiko, akatazama kulia, akatazama kushoto. Aliendelea kutazama kwa muda mrefu. Kisha akaniinamia na kusema, kwa mshangao ambao sikuutarajia:

“Hakuna anayenitazama.”

“Kila mtu ana mlima wake, mama.”

Akala wali. Akala kiazi. Alitafuna polepole mno, mkono mbele ya mdomo, lakini alikula, na mabega yake yakaanza kushuka. Wakati huohuo fundi yule akainua kichwa.

“Mama, samahani. Hiyo nyama unakula ama hauli?”

Kabla sijasema neno, sahani ilikuwa imesukumwa mbele yake. “Chukua, mwanangu, chukua! Unafanya kazi ngumu.” Njiani kurudi nilitembea kwa haraka mbele yake. Yeye ndiye aliyesema, “Usininunie. Aliomba. Mtu akiomba nifanyeje?”

Sehemu ya tatu ilikuwa ya brosheti, yaani mishikaki, huko Sonatube, penye moshi wa mbuzi na redio ya mpira. Mbuzi hakumgusa, na sikumlazimisha. Wanawake wa umri wake walikatazwa nyama hiyo, nami si mtu wa kubishana na mama yake aliyekwisha kufariki. Aliagiza ndizi ya kuchoma. Ilipoletwa, ikiwa na ngozi ya kahawia na pilipili pembeni, aliitazama kwa namna nyingine kabisa.

“Théoneste alikuwa anakuja hapa Jumapili na wenzake,” alisema. “Mimi nilikaa nao na fanta yangu. Tukiondoka alikuwa ananifungia moja ya hizi kwenye karatasi. Ikifika imepoa, imekuwa kama mpira. Naingia jikoni, nafunga mlango, naila yote.” Akavunja kipande, akatia mdomoni bila kuficha. “Kumbe ikiwa ya moto ndivyo ilivyo.”

Aliimaliza, nami nikasikiliza mpira ambao siujui.

Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano, tulikwenda mjini kula aiskrimu. Nilikuwa na sababu yangu. Vyakula vyote vya kabla ya hapo vilimruhusu kungoja, naye ni bingwa wa kungoja. Aiskrimu haina subira. Alipewa ya maembe na maziwa, ndani ya koni, akaishika kama mshumaa wa Pasaka. Punde tone la kwanza likamwangukia kidole. La pili likaelekea kwenye mkono wa gauni alilolishona mwenyewe.

“Inakimbia!” alisema. “Inakimbia, nifanye nini?”

“Ule, mama!”

Akala. Alilamba upande huu, upande ule ukamtoroka, akaufuata. Alisahau kiganja mbele ya mdomo, maana viganja vyote viwili vilikuwa na kazi. Alipofika mwisho alikuwa na maziwa kidevuni, naye alikuwa anacheka kwa sauti, kicheko cha Buyenzi ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani. Kwenye meza ya jirani walikuwepo mama kijana na mtoto wake, na mtoto huyo naye alikuwa amepakaa uso mzima. Mama Ingrid alimtazama, kicheko kikapungua.

“Shami anapenda hii?” aliniuliza.

“Sijui, mama. Wewe unaonaje?”

“Nami sijui. Analetwa ameshiba. Sijawahi kumwona mjukuu wangu akila.” Alifuta kidevu kwa utaratibu, akakunja karatasi ikawa ndogo sana. “Sijui kama anapenda chumvi. Sijui kama anatema mbegu za matunda au anameza.”

Jumamosi alifika mkahawani kabla ya muda, amevaa mshanana wa rangi ya zambarau, lile vazi la sherehe linalofungwa begani. Nilipotoka jikoni kupanga keki kwenye kabati la kioo, nilimwona anachagua kiti. Aliacha kile cha pembeni chenye kuelekea ukuta. Alikaa katikati, uso kwa ukumbi mzima. Meza hiyo iko karibu sana na kabati langu, na siku hiyo keki zilihitaji kupangwa upya mara nyingi.

Winifred aliingia, sauti mbele. “Bamwana! Umependeza mpaka naona haya.” Walikumbatiana kwa desturi, shavu na shavu, kisha wakashikana mikono muda mrefu kuliko furaha iliyokuwapo. Mhudumu alipofika, Mama Ingrid ndiye aliyeagiza wa kwanza, bila kutetereka, kama mtu aliyekariri sala: kuku na viazi, sambusa, keki ya ndizi, chai ya maziwa.

“Na mama mwingine?”

“Mimi maji tu,” alisema Winifred.

Chakula kilikuja. Winifred akakisogeza chote upande wa mwenzake, kisha akafanya jambo lililonifanya niache keki hewani: aligeuza kiti chake, akampa Mama Ingrid bega, akaanza kutazama magari ya nje kana kwamba anayahesabia ushuru.

Mkono wa Mama Ingrid ulikuwa tayari umeshika uma. Ukasimama. Nilijua anachofikiri kwa sababu nami nilifikiri hivyohivyo: amelipwa. Sahani kwa sahani, mbele ya watu.

Uma ukarudi mezani taratibu. Nilidhani ataweka mikono mapajani, na mambo yatakuwa yamekwisha. Badala yake akaongea.

“Bamwana, huli?”

“Wewe kula tu,” alisema Winifred, bado akitazama barabara. “Usijali mimi. Wala sikutazami.”

“Kwa nini hunitazami?”

“Si ndivyo mnavyotaka?” Sauti kubwa ile ilikuwa imepoteza nguvu. “Achille amenieleza. Na Ingrid alilia juzi akinieleza. Kwamba siku ile hukunidharau, kwamba ndivyo ulivyolelewa. Basi nikasema, Winifred, safari hii usimwaibishe mwenzio. Nimekula nyumbani kabla ya kuja. Nimeshiba. Wewe kula, mimi nahesabu hayo magari, ukimaliza utaniambia.”

Mama Ingrid aliweka mkono kifuani. “Yaani wewe umekuja usile kwa ajili yangu.”

“Ndiyo.”

“Na mimi wiki hii nzima natembezwa mji huu kama mtalii, nakula maziwa, nakula melanji, nakula barafu inayokimbia, ili nije nile kwa ajili yako!”

Winifred akageuza kichwa. Walitazamana. Hakuna aliyecheka bado. Heshima mbili zilikuwa zimegongana hewani, na kila mmoja alikuwa anangoja ya mwenzake ianguke. Chakula kilikuwa kinapoa, nami nilikumbuka pilau ya ubatizo. Nadhani Mama Ingrid pia aliikumbuka, kwa sababu alishika sahani ya sambusa kwa mikono miwili, akaisukuma kuvuka meza mpaka ikagusa gilasi ya maji ya Winifred.

“Wewe ndiye uliyealika,” alisema. “Kwetu anayealika huonja kwanza.”

“Haa! Unadhani nimekutilia sumu?”

“Nitajuaje? Tangu ubatizo hatujakaa meza moja.”

Winifred alicheka. Kicheko chake kiligonga kioo cha kabati langu. Alikirudisha kiti mahali pake, akachukua sambusa, akaivunja kwa meno, akatafuna kwa bidii, akameza, akafungua mdomo wazi kama mtoto anayeonyesha amekunywa dawa. “Haya! Niko hai. Zamu yako.”

Mama Ingrid akachukua nusu iliyobaki, ileile yenye alama za meno. Akala. Hakuinua mshanana wala kiganja. Alitafuna akimtazama bamwana wake usoni, na nilimwona akipigana na aibu yake mpaka akameza.

“Kuku naye?” aliuliza Winifred.

“Naye uonje.”

“Mama yangu, nimekwambia nimeshiba!”

“Ungeniuliza kabla.”

Kwa hiyo Winifred, aliyekuwa amekula ugali na samaki nyumbani, alikula kwanza kila kitu kilichokuwa mezani, akilalamika, na Mama Ingrid alimfuata sahani kwa sahani. Keki ya ndizi waliigawana hadi punje. Habari ya mtoto haikuzungumzwa mpaka chai ilipofika, na hata hapo ilikuwa fupi.

“Ijumaa nitamleta mwenyewe,” alisema Winifred. “Alale mpaka Jumapili. Hapendi vitunguu, akiviona anaviokota kimoja kimoja. Na uji wake, bamwana, utauonja wewe kwanza, mbele yangu, nikuone.”

“Utaniona.”

Ilikuwa hivyo. Ijumaa ile uji ulionjwa uani, mchana kweupe, mbele ya Winifred na wapangaji wote waliojipa sababu ya kufua nguo. Shuka za maua ya njano zilitoka kabatini. Shami anameza mbegu, hatemi hata moja. Hilo tulilijua siku ya kwanza, kwa papai.

Nisingependa kumfanya Mama Ingrid awe mtu mwingine. Mlango wa jiko bado hufungwa, mchana na jioni, nami sijamuuliza. Ila mtoto akiwepo huingia naye. Jumamosi iliyopita nilikuwa naanika aproni zangu karibu na dirisha la jiko, nikamsikia Shami akisema kwa ukali wa watu wadogo:

“Bibi, wewe kwanza.”

“Nimekwisha kuonja.”

“Sikuona. Tena.”

Kijiko kikagonga sahani. Kikafuata kingine, kidogo zaidi.